Anayejulikana Hapotei

Mbwa akipotea Mpanda, nyumba imepoteza mlinzi. Ndiye anayelala nje ili sisi tulale ndani. Ndiye anayefuatana na wafugaji kwenye malisho ya Mpimbwe, na ndiye anayemwamsha mkulima wa Nsimbo nguruwe pori wanapoingia kwenye mahindi. Asiyemjua atamwita mbwa wa kienyeji tu, hana cheti wala ukoo wa kutajwa. Sisi tunaijua thamani yake usiku. Kwa hiyo ninapoulizwa kama mtu wa kipato cha kawaida afunge kifaa cha GPS shingoni mwa mbwa wake, nalipa swali hilo uzito wake. Limenifundisha mengi kuhusu mbwa, na mengi zaidi kuhusu watu.

Nianze na jambo ambalo wengi huliona kinyume. Tunadhani setilaiti zinatutazama kutoka juu. GPS ni mfumo wa serikali ya Marekani. Jeshi la nchi hiyo lilianza mradi wake mwaka 1973, na setilaiti ya kwanza ikarushwa mwaka 1978. Kwa muda mrefu mawimbi waliyopewa raia yalipunguzwa usahihi kwa makusudi, mpaka Mei 2000, Rais Bill Clinton alipoamuru jambo hilo likome. Tangu hapo mtu yeyote, awe New York au Makanyagio hapa kwetu, anaweza kujua alipo kwa makosa ya mita chache bila kulipa hata senti. Lakini setilaiti hizo, zinazozunguka juu yetu kilomita zipatazo 20,200, hazimwoni mbwa wako. Hazijui hata kama yupo. Kazi yao ni kutangaza saa na mahali zilipo zenyewe. Kifaa cha shingoni husikiliza matangazo ya setilaiti zisizopungua nne, kikapiga hesabu, kikajua kilipo. Kisipokuwa na njia ya kukuambia wewe, kitabaki na jibu lake porini.

Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Kila njia ya kumtafuta mbwa, hata ile inayoanzia angani, humalizikia kwa kitu au mtu aliye karibu: mnara wa simu, simu ya mpita njia, au jirani mwenye macho. Ukilishika hilo, utajua pia wapi pa kuweka fedha yako kidogo.

Njia ya bei ndogo kuliko zote haina betri. Ni kibati kilichochongwa namba ya simu ya mwenye mbwa. Fundi wa mihuri au wa funguo anaweza kukichonga. Kibati kikikosekana, andika namba kwenye mkanda wenyewe kwa wino usiofutika. Mbwa mwenye namba si mbwa koko tena machoni pa anayemkuta. Ana mwenyewe, na mwenyewe huyo anapigika simu. Hapo ndipo ningemshauri kila mtu aanzie, hata mwenye uwezo wa kununua makubwa.

Wengine huniuliza juu ya chipu inayopandikizwa chini ya ngozi, wakidhani ndiyo GPS. Siyo. Chipu hiyo haina betri, na hutoa namba yake pale tu mashine maalumu inapopitishwa karibu kabisa na ngozi. Inasaidia kuthibitisha mbwa ni wa nani akishapatikana. Haiwezi kumtafuta.

Vipo pia vidude vidogo vya Bluetooth, kama AirTag ya Apple iliyoanza kuuzwa mwaka 2021, na vingine vinavyotegemea simu za Android. Navyo havina GPS ndani yake. Hutoa mawimbi ya karibu. Simu ya mtu yeyote inayopita, ikiwa ya jamii inayohusika, huyapokea na kupeleka taarifa ya mahali ilipo, bila mwenye simu kujua kwamba amemsaidia mtu. Kariakoo, penye msongamano wa simu, kidude hicho kina macho mengi. Katika njia ya kutoka Sitalike kwenda Kibaoni, kinaweza kukaa muda mrefu bila simu ya kukisikia. Navutiwa sana na kanuni yake, hata hivyo: mbwa anapatikana kwa sababu mtu asiyemfahamu alipita karibu naye.

Kwa mazingira yetu, chaguo la maana ni kifaa cha GPS chenye laini ya simu, cha jamii ileile wanayofunga wenye bodaboda. Unaweka laini, unatuma meseji, nacho kinakujibu kwa tarakimu za latitudo na longitudo, mara nyingi pamoja na kiungo cha kufungua ramani. Mwenye simu janja atafungua ramani. Mwenye kitochi asikate tamaa. Ajue kwanza tarakimu za nyumbani kwake, aziandike daftarini. Mpanda iko karibu nyuzi 6.3 kusini na 31.1 mashariki. Tarakimu ya kusini ikiongezeka kuliko ya nyumbani, mbwa ameelekea upande wa Sitalike. Ikipungua, amepanda kaskazini. Tarakimu ya mashariki ikipungua, amekwenda magharibi. Nafasi ya pili baada ya nukta ni mwendo wa kilomita moja na kidogo, ya tatu ni mita 111 hivi, na ya nne ni mita 11. Hesabu hiyo mtoto wa darasa la sita anaiweza, na nimeona wanafunzi wakiipenda kuliko hesabu nyingi za kitabuni, maana jibu lake lina mkia.

Kuwa makini unaponunua. Viko vifaa vya bei ya chini sana vilivyoandikwa GPS kwenye boksi, na ndani havina kipokezi cha setilaiti. Vinakisia tu kwa kuangalia mnara wa simu ulio karibu. Mjini vinaweza kukosea kwa mamia ya mita. Vijijini, ambako minara iko mbali mmoja na mwingine, hukosea kwa kilomita. Kabla hujalipa, mwombe muuzaji kiwekwe laini, toka nacho nje penye anga wazi, omba mahali kilipo, kisha tembea hadi mwisho wa mtaa uombe tena. Jibu lisipobadilika, rudisha. Uliza kama kinatumia 2G, na kama mtandao wa laini yako unashika mahali mbwa wako anapozurura. Masika yetu ya Novemba hadi Aprili hayana huruma kwa kitu cha umeme, hivyo tafuta alama ya IP67, yenye maana kwamba kifaa kinastahimili kuzama maji ya mita moja kwa nusu saa. Kuhusu betri, ukikiagiza kitume taarifa kila baada ya dakika chache, chaji itaisha upesi. Kiache kilale, ukiamshe unapokihitaji. Mkanda nao uache nafasi ya vidole viwili kati yake na shingo, na ukaguliwe kila mara kwa mbwa anayekua.

Sasa nije kwenye laini yenyewe, maana hapo ndipo nilipoanza kufikiri kwa kina. Nchini mwetu laini husajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA; tangu Januari 2020 laini zisizosajiliwa hivyo zilianza kuzimwa. Maana yake mbwa wangu Tomi anatembea mitaani akiwa na laini yenye jina langu. Nililiona hilo kuwa fundisho. Ukimfunga mbwa kifaa, unatangaza kwamba matendo yake yana mwenyewe. Akila kuku wa mtu, ni wewe. Akimng'ata mtoto, ni wewe. Haiwezekani kutaka kujua mbwa alipo anapokuhitaji, kisha ukamkana anapoleta madhara. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inatutaka tumtunze mnyama. Dhamiri inatutaka tuwatunze pia wanaoishi jirani na mnyama huyo.

Wiki moja ya mvua Tomi alitoweka. Meseji ya mwisho ya kifaa ilionyesha eneo la stesheni, pale inapoishia reli ya kutoka Kaliua, iliyojengwa enzi za ukoloni kwa ajili ya madini ya risasi ya Mpanda. Baada ya hapo kimya. Paa la bati huzuia mawimbi ya setilaiti, na mbwa mwenye akili hanyeshewi na mvua akingoja kutafutwa. Nilipofika, kijana wa bodaboda aliniita kabla sijamuuliza kitu.

“Shikamoo, Mwalimu. Unamtafuta Tomi? Yuko kwa mama lishe kule nyuma, amelala chini ya meza.”

“Marahaba, mwanangu. Umemjuaje?”

“Tomi nani asiyemjua? Kila asubuhi anakusindikiza shule, anapita hapa kijiweni kwetu.”

Kifaa kilinifikisha stesheni. Kijana yule alinifikisha kwenye meza. Bila kifaa ningeanza kutafuta Kawajense au Nsemulwa na kupoteza siku. Bila kijana ningezunguka mabanda hadi jioni. Lakini tazama tofauti ya maarifa yao. Kifaa kilijua mahali. Kijana alijua ni Tomi, anafuatana na nani, na anaipenda njia ipi. Kuchungwa na kujulikana ni vitu viwili, na kujulikana ndiko kunakomrudisha kiumbe nyumbani.

Kumjua mbwa kunaanza na kujua kwa nini anaondoka. Dume hufuata jike aliye kwenye joto. Kuhasiwa na mtaalamu wa mifugo hupunguza sana kuzurura kwake. Mwenye njaa hufuata majalala. Mwingine hukimbia radi. Nchini Chad, watafiti waliokuwa wakipambana na mnyoo wa Guinea waliwafunga mbwa wa vijijini vifaa vya GPS ili wajue wanakopita. Walikuta sehemu kubwa ya muda wa mbwa hao inaishia karibu na kaya zao. Mbwa anayeshiba na kupendwa haendi mbali bila sababu. Ramani ya nyendo zake ni taarifa kuhusu nyumba yake: chakula kikipungua, ramani inapanuka.

Kwa sisi wa Katavi, kujua mbwa alipo kuna uzito mwingine. Hifadhi ya Taifa ya Katavi, yenye kilomita za mraba zipatazo 4,471, ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1974, na lango lake la Sitalike liko mwendo mfupi kusini mwa mji wetu. Mbwa anayevuka kuingia huko anaweza asirudi; wako chui, fisi, na mamba wa Mto Katuma. Hata hivyo hatari huvuka pia kwa upande wa pili. Mwaka 1994 ugonjwa wa distempa, ambao mbwa wa kufugwa waliozunguka Serengeti walikuwa nao, uliua takriban theluthi moja ya simba wa huko. Hifadhi yetu ina simba, na ina mbwa mwitu, jamii iliyo hatarini duniani. Mbwa mmoja asiyechanjwa anaweza kupeleka msiba kwa wanyama ambao wazee wetu waliwakuta na watoto wetu wana haki ya kuwakuta. Na kichaa cha mbwa, dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu hakina tiba. Kwa hiyo fedha ya chanjo itangulie fedha ya kifaa. Kujua alipo mbwa asiyechanjwa ni kujua tu tatizo liko mtaa gani.

Nina onyo moja linalonigusa moyoni. Kifaa kinachotosha shingoni mwa mbwa hutosha pia kwenye begi la mtoto, chini ya kiti cha pikipiki ya mume, ndani ya mkoba wa mke. Najua wanaovitumia hivyo kwa siri, wakidhani wananunua amani. Nchi yetu ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, kwa kutambua kwamba taarifa za mtu zinastahili kulindwa. Lakini hata kabla ya sheria, jiulize: nikijua mwenzangu alipo, nimemjua? Nukta kwenye ramani haikuambii kama mtoto wako anaonewa shuleni, wala kama mama yako mzee ameanza kusahau njia ya kurudi kutoka kanisani au msikitini. Wanaoyajua hayo ni watu wanaosalimiana nao kila siku.

Hili ndilo ninalolishika: usalama wa kiumbe hutokana na idadi ya wanaomjua kwa wema kuliko idadi ya wanaomtazama. Mpeleke mbwa wako apate chanjo. Mchongee kibati. Tembea naye mtaani mpaka mama lishe, mlinzi na kijana wa bodaboda wamjue kwa jina, na wakujue wewe kuwa mtu wa kulipa kuku aliyeliwa. Fedha ikibaki, nunua kifaa, ukijaribu penye anga wazi, ukitunze vizuri; kitakupunguzia saa za kutafuta. Kisha fanya hivyohivyo kwa mtoto na kwa mzee wa nyumbani kwako. Wapeleke kwa majirani wajulikane, na wewe wajue watoto na wazee wa majirani zako. Mtaa unaofanya hivyo una ulinzi ambao hauhitaji chaji, na kila mmoja wetu anaweza kuanza kuujenga kwa salamu ya kesho asubuhi.