Ndege Isiyo na Magurudumu

Mwaka jana mwanafunzi wangu wa zamani, aliyerejea kutoka masomoni Ulaya, aliniletea zawadi ya kasha la vipande vya plastiki. Ilikuwamo ndege ya mashambulizi aina ya Su-25, ya kuunganisha kwa gundi, kwa kipimo cha 1 kwa 72. Nilicheka. Likizo ilipofika nikalibeba kasha hadi nyumbani Kasulu, nikatandika gazeti juu ya meza ya mama, nikaanza kazi.

Su-25 iliruka kwa mara ya kwanza mwaka 1975 katika Umoja wa Kisovieti. Haikuundwa kupambana na ndege nyenzake. Iliundwa kuruka chini na kuwapiga walio ardhini. Rubani huketi ndani ya karai la titani ili risasi za chini zisimfikie. Puani kuna mzinga wa milimita 30, na chini ya mabawa sehemu 10 za kuning'inizia mabomu na roketi. Haya nilikwisha kuyasoma, lakini kuyashika kwa vidole ni jambo jingine. Lazima nikiri pia kwamba ninazipenda ndege za kivita: katika sherehe za Uhuru, ndege za jeshi letu zipitapo juu ya uwanja, hupiga makofi kabla ya kufikiri.

"Inabeba abiria wangapi hii, mwanangu?" mama aliuliza.

"Rubani peke yake, mama."

"Basi ni ya nini?"

Nikamjibu kuwa ni ya vita. Akaniagiza niondoe gundi yangu mezani kabla ya chakula.

Nikisubiri gundi ikauke, nilipiga hesabu. Ndege iliyo meta 300 juu, kwa kipimo changu ingekuwa meta 4 hivi, yaani kwenye paa la nyumba yetu. Mtu mzima sakafuni angekuwa na sentimita 2 na nusu. Mwendo wa kilomita 720 kwa saa ungekuwa chini ya meta 3 kwa sekunde. Ingekatiza sebule yetu kwa sekunde moja na nusu, na katika muda huo huyo wa sakafuni aamue akimbilie wapi.

Katikati ya likizo nilikwenda kambi ya Nyarugusu kwa utafiti, nikiwa na kibali. Kambi hiyo ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo, na kuanzia Machi 2023 ilipokea maelfu wengine, wengi wao wakikimbia mapigano ya Kivu Kaskazini. Huko jeshi la Kongo limezitumia Su-25 dhidi ya M23. Januari 24, 2023 Rwanda iliifyatulia mojawapo, ikidai imeingia katika anga yake, nayo ikatua Goma. Mama mmoja wa makamo kutoka Masisi aliiona picha ya kazi yangu katika simu.

"Ni Sukhoi," alisema bila kusita. Kisha akaisogelea. "Lakini mwalimu, hii miguu ni ya nini? Sisi hatukuonaka miguu yake."

Nilikuwa nimeiunganisha ikiwa na magurudumu chini, kama kasha lilivyoonyesha. Akanisimulia kwamba aliwahi kuulizwa katika mahojiano ni nani aliyemshambulia. Alijibu kuwa hakumwona. Mhoji akaandika: hajui. Hajui! Anajua mlio wake, anajua saa, anajua nyumba iliyoangukiwa kwanza na watoto waliokuwamo. Fomu ilikuwa na safu ya jina la mshambuliaji, haikuwa na safu ya kitu kilichotoka juu.

Jioni ile nikiwa njiani kurudi nilikumbuka Kibondo, nilikosomea shule ya msingi. Baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye, Oktoba 1993, Warundi walivuka mpaka kwa maelfu. Kiha chetu na Kirundi chao ni ndugu, hivyo sisi watoto tulielewana siku ya kwanza. (Kiswahili humwita ndege kiumbe na chombo pia, Kirundi husema inyoni na indege, nao wale wavulana hawakuchanganya.) Walifinyanga ndege kwa udongo mwekundu, mabawa yamenyooka, tumbo limelainishwa kwa kidole. Hazikuwa na magurudumu. Sisi wajuzi, tuliokwisha kuona picha ya ndege kitabuni, tuliwacheka, tukawabandikia vizibo vya soda. Wakavibandua, wala hawakutueleza kwa nini.

Nilikata magurudumu kwa kisu, nikafunga milango yake kwa gundi. Maelekezo yalitaka tumbo lipakwe samawati hafifu, rangi ya anga, ili aliye chini achelewe kuiona. Nilipaka. Ndege sasa haiwezi kusimama. Inalala kwa tumbo kabatini, nyuma ya vikombe vya mama. Barua kuhusu ile safu ya fomu niliipeleka kwa wahusika kabla ya likizo kuisha. Bado sijajibiwa.