Nilitaka kumzuga baba mkwe, nikazugika mimi!

Wapo wanaokwenda ukweni na mkungu wa ndizi, wengine na kitenge cha mama mkwe. Mwenzenu nilikwenda na mbinu ya orangutani. Usicheke kwanza, nisikilize.

Mchumba wangu alinionya mapema. "Baba hana maneno mengi," aliniambia. "Akikupenda atakutolea chesi mcheze. Asipokupenda atakupa soda, atakuuliza habari za kazi, halafu utaaga." Na bila huyo mzee kutikisa kichwa, barua ya posa ambayo wajomba zangu walikuwa wanaiandaa ingeozea kwenye bahasha. Soo kubwa hilo!

Basi nikajifanya mjanja wa mjini. Kwenye kijiwe chetu Magomeni watu wengi hucheza drafti, lakini wapo washkaji wachache wa chesi, au sataranji kama wanavyoiita wenye vitabu. Mmoja wao akanipa siri. Kwa kawaida mtu hufungua mchezo kwa kumsogeza askari wa mbele ya mfalme au wa mbele ya malkia, ili ashike katikati ya ubao. Huyu akanionyesha kioja: unamchukua askari wa mbele ya farasi, upande wa malkia, unampeleka hatua mbili mpaka mraba wa b4. Ukimwona mtu kaanza hivyo unadhani kajifunza jana.

Akanipa na hadithi yake. Mwaka 1924 kulikuwa na mashindano makubwa New York. Wachezaji wakatembelea bustani ya wanyama ya Bronx, na bingwa mmoja, Savielly Tartakower, akamhusudu orangutani wa kike aitwaye Susan. Inasemekana alimwomba ushauri afungue vipi mchezo wake! Kilichofuata akacheza b4 dhidi ya Géza Maróczy, na jina la orangutani likabaki hapo mpaka leo.

Kilichonidatisha zaidi ni mtego. Mpinzani akijibu kwa kumtoa askari wa mbele ya mfalme hatua mbili, mpaka e5, wewe unamweka askofu wako b2, anaangalia mshazari mrefu. Askofu wake anamla askari wako wa b4, anachekelea. Na wewe askofu wako anamla yule wa e5. Sasa akizubaa, akamleta farasi wa upande wa malkia ili akufukuze, unamla askari wa g7 na ngome yake ya pembeni imekwisha. Haina pa kukimbilia, maana farasi wake mwenyewe kaiziba njia. Wiki moja nililaza watu watatu kwa mtego huo huo. Nikabatizwa jina: Profesa.

Jumapili hiyo nikatinga Tabata, shati limenyooka, kiatu kinang'aa. "Shikamoo, Mzee." "Marahaba, kijana. Karibu." Soda ikaja. Habari za kazi zikaulizwa. Moyo ukaanza kwenda mbio. Halafu mzee akanyanyuka, akarudi na ubao wa mbao uliochakaa kingo. Mchumba wangu, aliyekuwa anachungulia mlangoni, akaziba mdomo kwa kanga.

Nikapewa kete nyeupe. Bila kuchelewa, askari wangu b4. Mzee akautazama ubao, akanitazama mimi, akatabasamu kidogo. Nikajua nimemshika! Akacheza e5. Nikaweka askofu wangu. Akala wa b4. Nikala wa e5. Nikaanza kuwaza mahari.

Mzee akamshika farasi. Lakini si yule niliyemtaka! Alimtoa farasi wa upande wa mfalme, akamtua f6, katikati kabisa ya njia ya askofu wangu. Mlango wa g7 ukafungwa.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba sikuwa na kitu kingine kichwani. Kijiweni nilijifunza mtego, mchezo sikujifunza. Kwa papara nikamla yule farasi kwa askofu wangu. Mzee akarudishia kwa malkia, na ghafla malkia yule akawa anaikodolea macho ngome yangu ya a1, kwenye mshazari ule ule niliotaka kumwibia. Ningesogeza askari wa mbele hatua moja tu, c3, ningepona. Mimi nikamrusha farasi c3. Askofu wake akamla, nikamla askofu kwa askari, malkia akamla askari huyo na kumtishia mfalme wangu, huku jicho lingine liko kwenye ngome. Mfalme nimemwokoa, ngome ikaliwa. Yaani ngome niliyoitamani kwake ndiyo iliyoniponyoka kwangu! Zilizofuata zilikuwa kelele za kuzama tu.

Nikangoja kuambiwa "asante kwa kuja." Badala yake mzee akapanga kete upya, taratibu.

"Nilisoma uhandisi Minsk miaka ya 1980," akasema. "Huko waliijua hii kwa jina la Sokolsky. Aliiandikia kitabu kizima mwaka 1963, na alifia pale pale Minsk mwaka 1969. Si mchezo wa kihuni huu. Umeunyima heshima yake."

Akanionyesha kinga moja baada ya nyingine. Ukipenda usalama, askari wa e5 unamlinda kwa mwenzake wa d6, au wa f6, askofu yule abaki anatazama ukuta. Ukipenda njia nyepesi, unacheza d5 tangu mwanzo, unatoa farasi wako na kuutia mfalme nyumba yake, hugombani na mtu. Ukipenda ukorofi, unacheza c6 halafu malkia anakwenda b6 kumsumbua askari wa b4 kabla hajatulia. Na hata ile ya kulana, mweupe mwenye subira hapati hasara: ametoa askari wa pembeni kwa askari wa katikati. Anayengoja mwenzake akosee ndiye anayeumia.

"Na Tartakower alishinda?" nikauliza, angalau nionekane ninajua kitu.

"Alipigwa," akasema mzee. Akacheka mpaka miwani ikateleza puani.

Halafu akaniuliza swali ambalo bado linaniwasha. "Huyu binti yangu, akija na hoja ambayo hukuitarajia, utafanya nini?" Nikakaa kimya. Nilikuwa na majibu mengi mazuri ya kuzuga, lakini nimetoka kuona zuga inavyoishia. Nikasema, "Sijui, Mzee. Nadhani nitatulia kwanza." Akaitikia kwa kichwa, akanisogezea kete nyeusi. "Haya, sasa jikinge wewe."

Nilicheza d5, nikatoa farasi, mfalme nikamfungia nyumbani. Nilipigwa tena, lakini ilichukua saa nzima, na chai ikaletwa katikati. Wakati wa kuaga mzee hakusema neno juu ya posa. Alisema tu, "Jumapili ijayo njoo mapema."

Mchumba wangu anasema hiyo ni barua tosha. Wajomba wanasema wanangoja neno rasmi. Mimi? Kijiweni nimejivua uprofesa, naanza upya, na farasi wa f6 namheshimu kama mkwe!