Mbwa yumo kwenye mkataba, mume hayumo

Jumanne iliyopita nilirudi kutoka darasani nikakuta karatasi imebandikwa mlangoni. Mwenye nyumba ananikumbusha, kwa Kifaransa cha adabu kali, kwamba chumba nilichopanga ni cha mtu mmoja, na kwamba mgeni anaruhusiwa kulala mara tatu tu kwa mwezi. Mgeni mwenyewe ni mume wangu.

Alikuwa ndani, amekaa kitandani anachambua mchele kwenye sinia. (Mchele wa Liège hauna jiwe hata moja, lakini mkono uliozoea hauamini.) "Wameandika nini?" akauliza. Nikamwambia, "Wanasema siku zako zimekwisha tangu tarehe tatu." Akacheka, nami nikacheka, kisha nikakasirika, na hasira ile bado haijaniisha.

Kabla hamjanitetea niseme ukweli: kosa ninalo. Nyumba ndogo niliyoionyesha kwenye faili la viza yake iliuzwa wiki tatu kabla hajatua, na kwa pesa ya mwanafunzi nilichoambulia ni kot. Ndivyo Wabelgiji wanavyoita chumba cha mwanafunzi. Nilipolisikia neno hilo mara ya kwanza nilidhani wanasema koti, la kuvaa, na kwa upana wake sikukosea sana: likishamkaa mmoja, wa pili hana pa kupenya. Jiko tunalitumia watu saba, kila mtu na rafu yake ya friji, na jina juu yake. Ghorofa ya pili kuna msichana mwenye mbwa mweupe, mdogo kama njiwa. Mbwa yule yumo kwenye mkataba. Niliuliza.

Basi usiku ule nilikumbuka Kindu, kwetu Kongo, ambako hakuna aliyewahi kutuhesabu, na ambako tabu yangu ilikuwa kinyume kabisa.

Tulioana Agosti, nilipokwenda likizo. Dote, yaani mahari, ilijadiliwa siku nzima chini ya mwembe wa baba yangu, upande wa Kasuku, na baba mdogo alitaka mbuzi mmoja wa ziada kwa kila mwaka niliosoma chuo. Wakwe wakauliza iwapo miaka ya kurudia nayo inahesabiwa. Nilikuwa nasikiliza nyuma ya dirisha na niliona haya, maana mwaka mmoja niliurudia kweli. Mwenzangu mmoja wa darasa hapa Liège, nilipomsimulia, aliniuliza kwa huruma kama nilijisikia nimeuzwa. Yeye na mchumba wake wana programu kwenye simu inayogawanya bei ya kahawa waliyokunywa pamoja. Nikanyamaza.

Baada ya harusi niliishi ukweni Mikelenge wiki sita. Wenye kujua wanajua. Chumba chetu kilikuwa katikati: huku mashemeji watatu, kule nyanya asiyelala. Ukuta wa matofali uliishia kwenye usawa wa kichwa, juu yake hewa tupu hadi bati, hivyo tukikohoa kule wanasema pole. Saa kumi na moja ufagio wa kwanza unasikika uani, na ole wako usiwe wa kwako. Maji, makaa, masufuria, salamu. Kisha wanaanza kuja: "Tumekuja kumwona bibi yetu." Wanakuona kweli. Wanakutazama mbele, wanakutuma kitu ili wakutazame nyuma, kisha wanakula. Mama mkubwa wa mume wangu alitoka Kalima na kuku mmoja, akakaa siku kumi na tisa. Yule kuku tulimla siku ya kwanza. Alionja sombe yangu, yale majani ya muhogo, akatafuna polepole, akasema, "Sombe yako ina haraka, mama. Iko kama mwenyewe." Na alisema kweli. Sombe haijali kwamba una tasnifu ya kumaliza. Inataka mawese na saa zake.

Kitu kimoja tu hatukuwa nacho: faragha. Mume wangu akitaka kuniambia neno la mke na mume, tulitafuta sababu ya kwenda Alunguli, ng'ambo ya mto. Kwamba kuna shangazi anaumwa, kwamba mihogo ya kule ni rahisi. Lualaba pale kwetu haina daraja, kwa hiyo unavuka kwa mtumbwi, na katikati ya maji yale mapana, kati ya mpiga kasia, abiria kumi na mbuzi wa mtu, tulikuwa peke yetu. Hawakuwa wakitufahamu. Mipango yetu yote tuliipanga pale, nusu ya kwenda na nusu ya kurudi, na ndipo mahali ninapopaita nyumbani nikiulizwa ghafla. Hapa Liège kuna Meuse, mto mzuri, umefungwa kwa mawe kila upande kama mgonjwa aliyefungwa bendeji, na madaraja yake hayahesabiki. Unauvuka ukiwa kwenye basi, unatazama simu.

Mnaona basi. Kindu ndoa yetu ilijaa watu hadi tukaitafutia nafasi mtoni. Huku haina nafasi hata ya watu wawili.

Siku ya eta sivili, yaani ndoa ya serikali, afisa wa komine alitusomea sheria kwa sauti ya mhubiri. Kifungu cha 444 cha Sheria ya Familia ya 1987: mume ndiye kichwa cha nyumba. Mashemeji wakapiga makofi. Kanuni iliyomtaka mke aombe ruhusa ya mume kabla ya kusaini jambo la kisheria iliondolewa mwaka 2016, lakini hicho cha kichwa kimebaki. Sasa njooni Liège. Makaratasi ya mume wangu yametundikwa kwenye yangu. Yuko hapa kwa sababu mimi ni mwanafunzi. Nikifeli mitihani ya Juni, kichwa cha nyumba kinarudi Mikelenge. Hata polisi wa mtaa, alipokuja kuhakiki kama kweli tunaishi pamoja, aliniuliza mimi maswali yote. Akatazama viatu, akatazama miswaki, miwili, akaandika. Mama mkubwa wa Kalima alifanya kazi hiyohiyo kwa siku kumi na tisa, ila yeye aliangalia tumbo.

Na makaratasi hayo, mnisamehe, hapo natoka kidogo nje ya njia. Cheti cha ndoa cha Kindu hakitambuliwi Ubelgiji mpaka kipite Kinshasa kugongwa mihuri, mambo ya nje kwanza kisha ubalozini. Cha kwetu kilirudishwa na ofisi moja ambayo sitaitaja, kwa sababu jina la baba mkwe limeandikwa kwa "u" mahali pa "o". Kurekebisha herufi moja ni Kindu tena. Kwa ndege, maana kutoka Kinshasa kwenda Kindu kwa nchi kavu ni habari ya kumsimulia mjukuu. Herufi ile ilitugharimu kuliko mbuzi wote wa dote.

Siku niliyopata habari hiyo nilikuwa stesheni ya Guillemins, ile aliyoichora Calatrava, iliyofunguliwa 2009. Paa lake ni kama mtumbwi mkubwa uliopinduliwa. Treni ya Brussels ilikuwa imechelewa dakika sita na watu walikuwa wakiguna kana kwamba wamefiwa. Nikamkumbuka Baroni Empain. Mbelgiji huyu, kampuni yake ndiyo iliyopewa kuendesha metro ya Paris, iliyofunguliwa 1900. Miaka miwili baadaye ikaundwa kampuni yake ya reli ya kwetu, CFL, na kufikia mwisho wa 1910 reli ilikuwa imetoka Kindu hadi Kongolo, kilomita 355. Mji wetu ukabandikwa jina lake: Kindu Port-Empain. Mtu yuleyule. Kule Paris treni inapita kila baada ya dakika chache hadi leo. Kwetu treni ya Lubumbashi ikisikika inapiga honi, watoto wanakimbilia stesheni, na wakubwa hawaulizi imeondoka saa ngapi, wanauliza imeondoka mwezi gani. Mataruma yake waliyabeba babu zetu mabegani, na bati la Kalima na Punia lilisafiri juu yake kutoka kwetu kwa miaka na miaka. Wenzangu wa darasa wakiniuliza kwa upole kama Kongo kuna treni, huwa nawajibu: iko, ya kwenu. Wanadhani natania.

Haya, nirudi chumbani. Jumapili mama mkwe alipiga simu ya video, na kwa bahati mbaya aliyepokea ni mwanawe, akiwa jikoni na aproni.

"Papa, ile ni nini kwenye tumbo yako?"

"Aproni, Mama."

Kimya. Nyuma yake jogoo wa Mikelenge aliwika, ingawa ilikuwa mchana.

"Na bibi yetu iko wapi?"

"Iko anasoma, Mama. Kesho ana mtihani."

Nilijificha nyuma ya mlango na daftari langu la takwimu, moyo unadunda, maana najua baraza litakaa kwa sababu ya aproni ile. Mama akamwomba asogeze simu aone sufuria. Akaitazama sombe, ya barafu, ya duka la Waafrika karibu na stesheni, iliyotwangwa na mashine isiyojua kuimba. Akaitazama sana.

"Weka moto chini, Papa. Iko na haraka."

Kisha akasema mazishi ya jirani yakipita atashughulikia pasipoti yake, kwani anataka kuja kukaa na sisi kidogo, miezi mitatu hivi. Mume wangu alimjibu karibu sana, Mama, kabla hajanitazama.

Karatasi ya mwenye nyumba bado iko mlangoni. Tumepewa hadi mwisho wa mwezi. Kwa hiyo, kama kuna msomaji anayemfahamu mwenye nyumba hapa Liège au Seraing, asiyehesabu vichwa usiku, amwambie tupo: mwanafunzi mmoja, mwalimu wa hesabu mmoja anayetafuta kazi, masufuria mawili, mwiko mmoja. Mbwa hatuna. La mama mkwe msimtajie kwanza.