Saa za Angani na Saa za Nchi Kavu

Katika boma moja karibu na mji wa Kakamega, mwezi wa Desemba, wazee walikusanyika kupanga mazishi ya mama wa watoto sita. Mtoto wake wa kwanza alikuwa New York, Marekani. Alikuwa amepeleka habari kwamba ataondoka huko Jumatatu saa sita ya mchana, na kwamba ndege husafiri saa 14 hata Nairobi bila kutua popote.

Baba mkubwa wa watoto hao akahesabu kwa vidole. Toka saa sita ya mchana, saa 14 zikipita, itakuwa saa nane ya usiku. "Basi," akasema, "alfajiri atapanda gari, na adhuhuri atakuwa hapa. Mazishi na yawe Jumanne saa nane." Wazee wakakubali, maana gharama ya kuwalisha wageni kila siku ilikuwa kubwa.

Kitinda mimba, ambaye ni karani, akaomba ruhusa ya kusema. "Baba mkubwa, kujumlisha kwako ni sawa, lakini saa ya New York siyo saa ya Kakamega." Akaeleza kwamba jua huchomoza hapa kabla ya kuchomoza huko, na mwezi huo tofauti ni saa 8. Saa sita ya mchana ya New York ni saa mbili ya usiku ya Kakamega. Ukiongeza saa 14, ndege itatua Nairobi Jumanne saa nne ya asubuhi. Tena kuna kukaguliwa pasi na kungojea mizigo, na basi la kuja Kakamega huchukua kama saa nane. Atafika usiku, na kaburi limekwisha kufukiwa.

Mzee mmoja akauliza, je, asipande ndege ya Kisumu, ambayo haimalizi hata saa moja, kisha aje kwa gari kilomita 50 tu? Karani akajibu kwamba huenda nafasi isipatikane, au ndege ya kwanza ikachelewa, na mazishi si jambo la kubahatisha.

Kosa la baba mkubwa halikuwa la ujinga. Mwaka 1931, ndege za Imperial Airways zilipoanza kuleta barua kutoka London zikipitia Kisumu kwenda Mwanza, safari ilihesabiwa kwa siku, na saa chache zikipotea hapakuwa na aliyezitafuta. Lakini tangu tarehe 28 Oktoba 2018 Kenya Airways huruka moja kwa moja kati ya Nairobi na New York, mwendo wa kilomita 11,800 hivi. Safari imekuwa fupi hata tofauti ya saa imezidi nusu yake. Anayekwenda huko huondoka Nairobi karibu na usiku wa manane, akasafiri saa 15, akakuta ndiyo kwanza kunapambazuka.

Baba mkubwa alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Mtoto wa kwanza asipomtupia mama yake udongo, sisi ndio tutakaoulizwa. Yawe Jumatano."

Kijana alifika Jumanne saa nne ya usiku, akakuta kaburi li wazi. Kesho yake alitupa udongo wa kwanza.

Basi mwenye jamaa ng'ambo na aulize mambo mawili: ndege itaondoka saa ngapi ya huko, na itatua saa ngapi ya hapa. Kisha asisahau kuhesabu njia ya nchi kavu.