Kitale na Kuta Zake

Mwaka 1926 Luteni Kanali Hugh Stoneham, mlowezi wa Kiingereza, alianzisha makumbusho yake karibu na Kitale, akayajaza wadudu, ndege na vitabu. Alipofariki mwaka 1966 aliliachia taifa makusanyo hayo, pamoja na fedha za kuyajengea makao mapya yaliyofunguliwa mwaka 1974. Vipepeo wakapata mlinzi.

Na majengo je? Lamu, iliyotangazwa urithi wa dunia mwaka 2001, ina tume ya mipango tangu 1991. Anayetaka kubomoa ukuta wa matumbawe hana budi kuulizwa kwanza. Kitale ni mji wa reli na mahindi. Mabati yake hayana nakshi ya kumvuta mtalii, na nani atalililia ghala?

Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 humruhusu waziri kulitangaza jengo kuwa turathi inayolindwa. Ila waziri yuko Nairobi, ilhali kibali cha ujenzi hutolewa papa hapa. Pengo hilo lingezibwa na tume ya mji yenye mhandisi, fundi wa mawe na mwanahistoria. (Mwenye nyumba asisahauliwe; ndiye anunuaye mabati.)

Wapo wanaouliza kwa nini jengo la mkoloni litunzwe. Swali hilo ni la haki, japo waliobeba mawe hawakuwa walowezi. Bungoma nayo ina Chetambe, walikopigana Wabukusu na Waingereza mwaka 1895. Pale pana handaki na udongo. Tume ya majengo ingelinda nini?