Aliyeandikwa Ndiye Mrithi

Riziki yangu ya Alaska ilitoka kwa kaa ambao sikuwavua mimi. Nilikuwa karani wa mizani katika kiwanda kimoja cha Dutch Harbor, bandari ya mji wa Unalaska, kwenye visiwa vya Aleutian vinavyotenganisha Bahari ya Bering na Pasifiki. Nilifika huko mwishoni mwa miaka ya 1990, mzaliwa wa Tanga niliyeajiriwa Seattle, mji ambako viwanda vingi vya samaki vya Alaska hutafutia vibarua. Nilianza ndani, kwenye mstari wa kupasua kaa, miongoni mwa Wafilipino, Wavietnamu na Wameksiko. Baadaye, kwa kuwa mwandiko wangu ulisomeka, nikatolewa nje kwenda gatini, nikapewa kalamu na ubao wa kuandikia. Kwa hiyo haya ninayoyasimulia niliyaona nikiwa pale mizani ilipo, kaa wakipandishwa kutoka tangini, mmoja wetu akisoma uzito na mwingine akiandika.

Kaa wenyewe walikuwa wa aina mbili hasa. Kulikuwa na kaa mfalme mwekundu wa Bristol Bay, mwenye miguu mirefu ya miiba na bei ya juu. Kulikuwa pia na kaa theluji, mdogo kuliko huyo, ambaye gatini kila mtu alimwita opilio. Wote hutegwa kwa madema ya chuma, futi saba kwa saba, na dema moja tupu lina uzito wa kilo 300 hivi. Siku nilipomweleza kwa simu mjomba wangu wa Sahare, Tanga, ambaye madema yake ni ya fito na anayabeba begani, alinyamaza kidogo kisha akauliza, "Hilo dema au banda la mbuzi, mjomba?"

Sheria za kumlinda kaa zilikuwapo tangu zamani. Hubakizwa madume tu, na kaa mfalme ambaye gamba lake halijafika upana wa inchi sita na nusu hurudishwa majini. Kila dema lazima liwe na sehemu iliyoshonwa kwa uzi wa pamba, ili likipotea baharini uzi uoze na walionaswa watoke. Kilichokosekana ni mgawo wa kila mvuvi. Serikali ilitaja kiasi cha jumla cha msimu, ikafungua bahari kwa kaa mfalme tarehe 15 Oktoba, basi kila meli ikakimbilia chake. Manahodha waliripoti mavuno kwa redio, wataalamu wa idara ya uvuvi ya jimbo wakajumlisha na kukisia, kisha wakatangaza saa ya kufunga. Meli zilivyozidi kuwa nyingi ndivyo msimu ulivyozidi kuwa mfupi. Oktoba 2004 zilitoka meli karibu 250 kumfuata kaa mfalme, na msimu mzima ukaisha kwa siku tatu hivi.

Mtu ambaye mapato yake ya msimu yako ndani ya siku tatu hawezi kukaa bandarini kwa sababu ya dhoruba. Kati ya 1990 na 1999 walikufa watu 73 katika meli za kaa za eneo lile. Wengine walizama na meli zilizolemewa na barafu na mrundo wa madema, wengine walisombwa na wimbi kutoka sitahani. Kwetu kiwandani mbio zile zilileta foleni. Meli zilirudi kwa pamoja, zikangoja zamu usiku na mchana huku kaa wakifa tangini, na kaa aliyekufa kabla ya kupakuliwa hutupwa, hata awe mkubwa namna gani.

Katika vurugu hiyo ndipo tulipojaza tikiti za samaki. Tikiti ilikuwa karatasi yenye nakala kadhaa. Nahodha alitoa kadi yake ya kibali, ya plastiki yenye herufi zilizoinuka, tukaiweka kwenye kimashine na kupitisha mkono wake juu hadi jina litokeze kwenye nakala zote. Kisha tukaandika namba ya meli, namba ya eneo alikovua, madema mangapi yameinuliwa, kaa wangapi, pauni ngapi, wangapi wamekufa, na bei. Nahodha akatia saini, nasi tukatia ya kiwanda. Nakala moja ilikwenda idarani, na huko mtu mwingine akaanza upya kuichapa kwenye kompyuta. Mabaharia watano au sita waliokesha wakiinua madema hawakuwa na mstari wao kwenye karatasi ile, na hakuna aliyeuulizia. Fungu lao walilipwa na mwenye meli kwa mapatano ya melini. Karatasi ilikuwa mambo ya ofisi.

Mambo yalipinduka 2005. Tarehe 15 Januari, siku ya kwanza ya msimu wa opilio, meli iitwayo Big Valley ilizama, na kati ya watu sita waliokuwamo alipona mmoja. Wakati huo sheria mpya ilikuwa imekwisha kuandaliwa na Baraza la Usimamizi wa Uvuvi la Pasifiki ya Kaskazini na kupitishwa na Bunge la Marekani. Agosti mwaka huo ikaanza kazi. Mbio zikafutwa. Kila mwenye hisa akapewa asilimia yake ya kiasi cha jumla cha mwaka, avue kwa wakati anaoutaka ndani ya msimu wa miezi kadhaa.

Hisa hizo ziligawanywa kwa kufuata historia ya mavuno, na historia ilisomwa kwenye tikiti zetu. Kwa kaa mfalme wa Bristol Bay zilitazamwa za 1996 hadi 2000. Makaratasi tuliyoyajaza saa nane za usiku, vidole vimekufa ganzi na wino umeganda, sasa yakawa ushahidi wa mali ya mamilioni ya dola. Asilimia 10 ya kiasi cha jumla ilitengwa kwanza kwa ajili ya vijiji vya pwani ya magharibi ya Alaska. Katika hisa za wavuvi zilizobaki, asilimia 97 zilikwenda kwa wenye leseni za meli na asilimia 3 kwa manahodha. Viwanda navyo vikapata hisa za kupokea kaa, na sehemu kubwa ya mgawo wa meli ikalazimika kuuzwa kwa kiwanda chenye hisa zinazolingana nao. Baharia wa kawaida hakupata hata chembe.

Baharia mmoja wa makamo alikuja ofisini kwetu kuuliza kama jina lake lingeweza kupatikana katika tikiti yoyote ya miaka ile. Nilimtolea moja ya zamani aitazame. Aliipitia kwa kidole kutoka juu hadi chini, akairudia, kisha akauliza, "Kwa hiyo miaka yote ile mimi nilikuwa wapi?" Nilikuwa nimemwona mwenyewe, msimu baada ya msimu, amesimama futi chache kutoka kwenye mizani yangu.

Pamoja na hisa ulikuja mfumo wa kielektroniki uitwao eLandings, unaotumiwa kwa pamoja na idara ya jimbo, idara ya shirikisho na tume ya kimataifa ya samaki aina ya halibati. Niliacha ubao nikaketi mbele ya kompyuta. Maswali yalikuwa yale yale ya tikiti, ila sasa mashine ilikataa upuuzi: namba ya kibali isiyokuwapo, eneo lisilokuwapo, sehemu iliyoachwa wazi. Nikishabonyeza, pauni zilikatwa kwenye akaunti ya mgawo ya meli, wakiwamo kaa waliofia tangini. Hili la kaa wafu liliwafunza watu upole haraka kuliko hotuba yoyote. Kaa aliyekufa alikuwa amekula mgawo bila kuleta senti, basi meli zikaanza kupanga siku za kupakua ili zisikae foleni. Intaneti ya Dutch Harbor enzi hizo ilipita kwenye setilaiti, na hali ya hewa ikichafuka tulikaa tukitazama kioo huku nahodha akigonga meza. Hata hivyo kosa lililochukua wiki kugunduliwa kwenye karatasi sasa lilionekana kabla meli haijafungua kamba. Meli nazo zilifungwa kifaa cha setilaiti kinachoonyesha kila wakati chombo kiko wapi.

Siulaani mfumo huu. Vifo vilipungua sana, ingawa bahari haikuacha kuwa bahari: Februari 2017 meli ya Destination ilizama karibu na kisiwa cha St. George na watu wake wote sita. Lakini faida ilikuwa na upande wa pili. Msimu wa kwanza wa kaa mfalme chini ya sheria mpya zilitoka meli 89 tu. Waliobaki na hisa walizikusanya kwenye meli chache au kuzikodisha, na zile nyingine zikafungwa gatini pamoja na kazi za watu wake. Mwenye hisa aliweza kukaa nyumbani Seattle akapokea kodi iliyokatwa juu kabisa, kabla mafungu ya mabaharia hayajahesabiwa. Kwa kaa mfalme kodi hiyo ikafika kupita nusu ya thamani ya mavuno. Baharia aliyebahatika kubaki alivua kaa wengi zaidi kwa msimu na kulipwa kidogo kuliko zamani kwa kila kaa.

Mashine nayo ilihesabu kilichofika gatini, basi. Mwaka ule wa kwanza wachunguzi waliokuwa melini waliona madume halali wengi wakitupwa kwa sababu gamba lao lilikuwa kuukuu na bei yake ya chini. Ukiwa na pauni chache za kuvua na miezi ya kuzivua, kishawishi ni kuchagua. Kaa wale hawakuonekana kwenye ripoti yangu hata mmoja.

Kisha likaja pigo ambalo hakuna ripoti ya mizani ingelizuia. Baada ya bahari kupata joto lisilo la kawaida mwaka 2018 na 2019, kaa theluji zaidi ya bilioni 10 walitoweka katika Bering ya mashariki. Utafiti uliochapishwa katika jarida la Science mwaka 2023 ulieleza kuwa maji ya joto yaliongeza mahitaji yao ya chakula, na inaelekea wengi walikufa kwa njaa. Kiasi kilichoruhusiwa kilishuka kutoka pauni milioni 45 msimu wa 2020/21 hadi milioni 5.6 msimu uliofuata. Oktoba 2022 uvuvi wa opilio ukafungwa kwa mara ya kwanza katika historia yake, na kaa mfalme wa Bristol Bay alikuwa amefungwa mwaka mmoja kabla. Kaa mfalme alifunguliwa tena 2023 na opilio 2024, wote wawili kwa viwango vidogo. Katika miaka hiyo mitupu mwenye hisa aliumia, lakini hisa yake ilimngoja. Baharia alifungasha mizigo na kwenda kutafuta kazi nyingine.

Siku hizi nikienda Tanga nakuta vikundi vya BMU, yaani vikundi vya wanajamii vya kusimamia uvuvi, vikiandika mavuno ufukweni, na mazungumzo ya kuhamia kwenye simu yamefika. Ni jambo jema. Nchi isiyojua inavua nini haiwezi kulinda kitu. Lakini wengi wa wavuvi wetu huingia baharini kwa chombo na nyavu za mtu mwingine, kama wale mabaharia wa Bering, na hakuna ajuaye kama kesho serikali itaamua kugawa bahari kwa mafungu. Ikifika siku hiyo, zitafunguliwa rekodi za leo. Kwa hiyo, ndugu yangu mvuvi, anapokuja mtu na simu kukuuliza umepata kilo ngapi, mjibu kwa ukweli, kisha umuulize kilo hizo anaziandika kwa jina la nani. Kama ni la mwenye chombo peke yake, dai na wewe uandikwe, na udai sasa, wakati mstari mmoja wa ziada bado haumgharimu mtu chochote.