Samaki wa Kula, Samaki wa Kurudisha

Maziwa mawili ninayoyafahamu yamenionyesha kanuni mbili zinazopingana, na imenichukua muda kukubali kwamba zote mbili ni za haki.

La kwanza ni Ziwa Victoria, nilikozaliwa. Kwa miaka mingi kanuni za uvuvi zilimtaka mvuvi wa sangara asimguse aliye chini ya sentimita 50, wala aliyepita sentimita 85. Halali ilikuwa ya kati. Mdogo hajazaa bado, na mkubwa ndiye mama: sangara jike aliyekomaa hubeba mayai kwa mamilioni. La pili ni Lake Fork, mashariki ya Dallas, jimboni Texas, ninakoishi siku hizi. Huko anayetafutwa ni besi mdomo mpana, samaki wa kijani mwenye mstari mweusi ubavuni na taya linalopita nyuma ya jicho. Aliye na inchi 16 au pungufu unaweza kuondoka naye. Aliye kati ya inchi 16 na 24 unamrudisha majini hapohapo. Wa inchi 24 na kuendelea, yaani kama sentimita 61, unaruhusiwa mmoja tu kwa siku. Yule wa kati, ambaye kwetu ndiye kitoweo, huko ndiye mwiko.

Nilipomsimulia mjomba wangu wa Ukerewe kwa simu, alinyamaza kidogo.

"Kwa hiyo watoto mnakula, vijana mnawaachia?"

"Ndivyo, mjomba."

"Na yule mkubwa kabisa mnamfanyaje?"

"Wengi humpiga picha, kisha humrudisha."

"Rudia, mjomba. Mtandao unakata."

Mtandao ulikuwa mzima. Mtu aliyelala majini usiku kucha akilinda nyavu, akirudi mwaloni na deni la mafuta ya injini, hawezi kuelezwa kwa sentensi moja kwamba kuna watu wanaonunua boti ya maelfu ya dola ili wamshike samaki kwa nusu dakika. Nami sikumlazimisha aelewe. Ila swali lake liliniganda, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nimeipokea ile desturi ya kurudisha samaki kama watu wanavyopokea dini ya ugenini: naifuata, sijui msingi wake.

Msingi wake nilioneshwa kwenye bwawa la mzee mmoja, mzungu wa shambani huko Texas, rafiki wa kazini aliyenitangulia kustaafu. Bwawa ni dogo, kama ekari mbili, na kwa miaka mingi alikuwa na amri moja kwa kila mgeni: hakuna kuua samaki. Ukirusha chambo, umepata. Ukirusha tena, umepata. Watoto walilipenda bwawa lile kupita kiasi. Lakini samaki wote walikuwa wa kimo kimoja, urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi kifundo, wenye vichwa vikubwa na matumbo yaliyobonyea. Mzee alidhani ni wachanga, akangoja wakue. Hawakukua. Walikuwa watu wazima wenye njaa.

Mtaalamu wa mabwawa alipokuja kutazama hakuhitaji kifaa chochote. Alimshika mmoja, akamgeuza ubavu, akasema: waondoeni hawa, wengi, na msimrudishe hata mmoja. Besi ni mlaji wa samaki wenzake, na inakadiriwa kwamba ili aongeze kilo moja ya mwili anahitaji kula kama kilo kumi. Bwawa lina chakula cha kiasi fulani tu. Kikigawanywa kwa midomo mia tano kila mmoja anapata cha kuponea, na hakuna anayepata cha kukulia. Bila kuua hata samaki mmoja, mzee alikuwa amewanyima wote nafasi ya kunenepa.

Mkulima yeyote wa mahindi analijua jambo hili. Unapanda mbegu tatu shimoni, na miche ikichipuka vizuri unang'oa ule mnyonge, ingawa ni wa kijani na haujakukosea. Mama yangu aling'oa bila kutazama nyuma. Mimi nilikuwa naichukua ile iliyong'olewa naipanda tena pembeni, na yeye ananiacha, maana alijua jua la mchana litanifundisha.

Basi mzee akatuita. Nilipeleka watu, na kusema kweli sikupata shida ya kuwapata. Waswahili wa hapa ni wa kila pembe: kuna wa Kigoma, wa Bujumbura, na wa Bukavu na Uvira waliopitia kambini kabla ya kuletwa Texas. Hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kuona shamba ambalo mwenyewe anakubembeleza uondoke na samaki wake. Tulijaza maboksi ya barafu. Mama mmoja wa Uvira alikaanga wale wembamba mpaka mifupa ikawa ya kutafuna, akawapakua na sombe, na mzee akala kwa mikono miwili huku akisema hajawahi kujua kwamba bwawa lake lina ladha. Kwa wale wapenzi wa kurudisha, jambo hili lina uchungu wake. Chama kikubwa cha wavuvi wa besi Marekani, alichokianzisha Ray Scott, kilianza mwaka 1972 kuwahimiza washindani wasiue samaki wao, na kampeni ile ilifanikiwa hata watu wengi wakaona aibu kula besi. Leo wataalamu wa mabwawa madogo wanahangaika kuwarudisha watu mezani.

Lakini ili apatikane jitu, kupunguza peke yake hakutoshi. Yanahitajika mambo matatu, na mtu ana uwezo juu ya mawili tu. Kuna damu: besi wa Florida hukua wakubwa kuliko wa kaskazini, na ndiyo sababu California iliwapeleka San Diego mwaka 1959, na Texas ikawapandikiza katika maziwa yake. Kuna chakula. Halafu kuna miaka, na hapo ndipo fedha inapoishiwa nguvu. Karibu majitu yote ni majike, na jike wa ratili 13, kama kilo sita, kwa kawaida amekula miaka minane, kumi, au zaidi, akikwepa ndoano, ndege, ukame na joto. Mwaka 1986 mvuvi mmoja alimtoa Lake Fork jike wa ratili 17.67, kilo nane, wakampa jina la Ethel. Huyo ndiye aliyefungua mpango wa jimbo ambao mvuvi anawaazima wataalamu jike lake kubwa, wanamzalisha mjini Athens, vifaranga wanapelekwa maziwani na mama anarudishwa alikotoka. Rekodi ya Texas ilikuja baadaye, Januari 1992, ratili 18.18, ziwa lilelile. Aliyeiweka, Barry St. Clair, siku hiyo hakuwa hata akimtafuta besi. Alikuwa akivua krapi, samaki mdogo wa kukaanga, kwa chambo cha kisamaki hai. Wapo watu wenye mitambo ya kuona chini ya maji ambao hisia zao juu ya habari hiyo haziandikiki.

Nimefikiri sana juu ya watu wawili katika historia ya samaki huyu. Mmoja ni George Perry, kijana wa mashambani Georgia, ambaye tarehe 2 Juni 1932 alimvua besi wa ratili 22 na wakia 4, zaidi kidogo ya kilo kumi. Zilikuwa nyakati za ufukara mkubwa Marekani. Akampima, akaandikisha uzito kwenye shindano la jarida, akaenda naye nyumbani, na familia ikamla. Rekodi ya dunia ilipikwa. Mwingine ni Mac Weakley wa California, ambaye Machi 2006, katika Dixon Lake, alimnyanyua besi wa ratili 25 na wakia moja, mkubwa kuliko wa Perry kwa mbali. Ila ndoano haikuwa imeingia mdomoni. Ilimnasa mwilini kwa nje. Wakampima, wakampiga picha, wakamwachia, na Weakley akaamua kutoidai rekodi. Samaki huyo alikuwa na doa jeusi lililomtambulisha, na kwa doa hilo walimtambua alipokutwa akielea, amekufa, Mei 2008.

Wengi husimulia habari hizi mbili kama hatua za ustaarabu: zamani tulikula, sasa tunaachia. Mimi siioni hivyo. Perry alikuwa na watu wa kulisha na akawalisha. Weakley hakuwa na njaa, alikuwa na kishawishi, na akakishinda. Kila mmoja alimtendea samaki kadiri hali yake ilivyomtaka. Ukimbadilisha mmoja na mwingine, unapata watu wawili wa ajabu: kijana anayeachia kilo kumi za nyama huku nyumbani hakuna kitoweo, na mtu mwenye friji iliyojaa anayemuua samaki wa aina yake ili jina lake liandikwe.

Kuachia kwenyewe kuna adabu zake, na hapa wavuvi wa mwishoni mwa wiki hutia kichefuchefu. Mkono mkavu humvua samaki ute unaomkinga na maradhi. Samaki mzito akining'inizwa kwa taya peke yake huumia, kwa hiyo mkono wa pili sharti umshike tumboni. Akiwa amemeza ndoano mpaka kooni, mara nyingi ni heri kukata mshipi kuliko kumchokoa. Wakati wa joto kali maji huwa na hewa kidogo, na samaki anayeogelea kwa madaha mbele ya kamera anaweza kufa baada ya wewe kuondoka. Siku hizi hata pambo la ukutani halihitaji maiti: unapima urefu, unapima mzingo wa kiuno, na fundi anakutengenezea mfano wa faibaglasi. Bado namwona mtu amemwinua jike la miaka kumi juani, anasubiri rafiki yake apate pembe nzuri ya picha.

Halafu kuna maji ambayo huruma ya kumrudisha ni kosa. Mkoa wa Shiga nchini Japani, lilipo Ziwa Biwa, ulikataza mwaka 2003 kumrudisha besi majini, kwa kuwa ni mgeni anayewala samaki wa asili. Katika ziwa hilohilo, tarehe 2 Julai 2009, Manabu Kurita alivua besi aliyeifikia rekodi ya Perry. Alimzidi kwa chini ya wakia moja, na kanuni hutaka kuzidi kwa wakia mbili, hivyo rekodi ni ya wote wawili. Huko kwetu Afrika Mashariki, besi aliingizwa Ziwa Naivasha mwaka 1929 kwa ajili ya burudani ya walowezi. Kisamaki kidogo cha asili cha ziwa lile hakijaonekana tangu 1962, na besi ndiye anayetajwa zaidi katika lawama. Ziwa Victoria lina msiba wake wa sangara mgeni na furu wa asili aliowala, ambao sina haja ya kuwasimulia watu wa Mwanza.

Kwa hiyo siulizi tena kama kurudisha ni vizuri. Nauliza maji haya yana nini, na yanakosa nini. Na swali hilo nimeligeuzia maisha yangu, maana mimi ni mtu wa kuitikia. Nikiombwa ukatibu wa chama cha kuzikana, naitika. Kamati ya harusi ya mtu nisiyemjua, naitika. Kutafsiri barua za hospitali, kupokea wageni uwanja wa ndege, mradi wa kuku wa binamu, kozi ya usiku niliyoanza. Hakuna jambo nililolikataa, na hakuna lililokuwa na nyama. Baada ya habari za lile bwawa nilianza kutoa moja moja. Nimebaki na darasa la Jumapili la watoto wetu na zile barua za hospitali, na darasa sasa lina watoto wanaoandika Kiswahili, si wanaoimba tu rangi na siku za wiki. Walionikosa kwenye kamati walinuna, na wana haki yao.

Somo hili nalipeleka kwenye kazi zangu. Kwa watu silipeleki. Nimewahi kumsikia mtu mezani akitumia mfano wa bwawa kueleza kwa nini nchi isipokee wakimbizi, na waliokuwa wakimsikiliza walikuwa wakitafuna samaki waliokaangwa na mkimbizi. Mwenye bwawa anajua idadi ya midomo na kiasi cha chakula kwa sababu bwawa ni ekari mbili na yeye ndiye aliyelichimba. Dunia haina mwenyewe wa namna hiyo miongoni mwetu.

Samaki wa mzee wameanza kujaa. Matumbo yamejitokeza, mabega yameinuka, na mmoja niliyemshika majuzi alikuwa na uzito wa kuuma kifundo cha mkono. Jitu bado. Mzee anakaribia miaka themanini na anajua hesabu ya miaka kumi vizuri kuliko mimi. Nilimuuliza kwa nini anajisumbua. Akasema mjukuu wake hapendi kuvua kabisa, anapenda simu, kwa hiyo hata jibu hilo la kawaida hana. Kisha akanitaka Jumamosi nije na watu zaidi, kwani wadogo wamezidi tena upande wa kaskazini, na nimkumbushe mama wa Uvira asisahau pilipili.